Kabla ya Kumfungulia Mlango Mbwa Chotara

Kwa desturi yetu ya pwani, mbwa hakai ndani. Hukaa uani, shambani, au hufuatana na wasasi porini, na mwenye nyumba amwitapo humwita kwa mbali. Ndiyo maana wako walioshangaa, na wako waliochukizwa, kuona katika miaka hii ya karibuni mbwa wa namna nyingine akiingia katika nyumba za Waswahili. Ni mbwa mdogo, uzito wake haufiki kilo 10, manyoya yake yamejikunja kama sufi iliyotoka mtini, mama yake ni wa ukoo mmoja na baba yake wa ukoo mwingine. Muuzaji humsifu kwamba hang'ati, hali sana, hapukutishi manyoya, na ni rafiki wa watoto. Mnunuzi naye huamini, kwa kuwa mbwa wenyewe anatoshea katika kikapu cha sokoni.

Ukipita barabara ya Bagamoyo leo, tangu Bunju hadi Mapinga, Kerege na Zinga, utaona nyumba mpya zenye kuta ndefu na mageti ya chuma mahali palipokuwa na mikorosho na minazi. Wengi wa wenye nyumba hizo wametoka jijini Dar es Salaam, na vijibwa hivi vimekuja pamoja nao. Sasa maswali yanatoka mbali zaidi. Jamaa zetu wa Ubena Zomozi na Chalinze wanauliza kama mbwa huyu anafaa kulinda duka. Jamaa zetu wa visiwani wanauliza kama inawezekana kumvusha. Tumeona ni vema kulijibu jambo hili kwa ukamilifu, kwa sababu ndani yake mna mambo ya dini, ya fedha na ya uhai wa watoto.

Tuanze na dini, maana kwa walio wengi katika mwambao huu hapo ndipo swali linapoanzia. Wengi wetu tulifundishwa chuoni, kwa madhehebu ya Imamu Shafii, kwamba mbwa ni najisi nzito: palipoguswa na udenda wake, au na mwili wake ukiwa na majimaji, paoshwe mara saba, moja kati ya hizo kwa maji yenye udongo. Tulifundishwa pia kwamba ameruhusiwa mbwa wa kuwinda, wa kuchunga mifugo na wa kulinda shamba, na wanazuoni wengi wamemtia humo mbwa wa kulinda nyumba. Wafuasi wa Imamu Malik wana kauli nyepesi zaidi juu ya unajisi wenyewe. Wala asidhani mtu kwamba dini imemtupa mnyama huyu. Mbwa ametajwa katika Sura ya al-Kahf pamoja na vijana wa pangoni, na sote tunakijua kisa cha mtu aliyesamehewa dhambi zake kwa kumnywesha maji mbwa mwenye kiu.

Basi ugumu uko wapi? Uko katika maumbile ya chotara huyu mdogo. Mbwa koko wetu aweza kukaa uani mwaka mzima, akalala chini ya mwembe, na mpaka kati yake na mkeka wa kuswalia ukahifadhika bila taabu. Chotara wa manyoya hakufugwa kwa maisha hayo. Wazazi wake walichaguliwa, kizazi baada ya kizazi, ili wakae miguuni na mapajani mwa watu. Ukimfungia bandani hulia usiku kucha, hutafuna mlango, hujilamba mpaka hutoka vidonda. Kwa hiyo anayemtaka huyu ajue kwamba anamtaka mbwa wa ndani. Nyumba ambayo bibi huswali ukumbini, watoto hulala chini juu ya mikeka, na vyombo huoshewa kwenye karai uani, haitaweza kuishi naye bila ugomvi wa kila siku. Wazee walisema mchezea mbwa humfuata msikitini, na waliosema hivyo walikuwa wamewahi kuona.

Katika nyumba za ndugu zetu wasio Waislamu pingamizi hilo halipo, lakini jirani yupo. Sisi wa pwani tunaishi ukuta kwa ukuta. Mtoto wa Juma hushinda kwa akina John, na mwanamke aliyetia udhu hupita kichochoroni kwenda swalani. Kijibwa kinachomrukia kila apitaye kwa mapenzi tu kimekwisha kuleta maneno katika mitaa zaidi ya mmoja. Mwenye mbwa huona watu wamemchukia mnyama wake. Majirani huona wamedharauliwa. Mabalozi wa nyumba kumi wanazijua kesi hizi, na hazimalizwi kwa hotuba. Humalizwa kwa uzio, kwa kamba ya shingoni na kwa mwenye mbwa kwenda mwenyewe kwa majirani kabla ya kumleta mnyama.

Sasa tumtazame mbwa mwenyewe. Neno chotara limegeuzwa kuwa sifa ya biashara. Wanunuzi huambiwa kwamba mbwa wa damu mbili huchukua mema ya pande zote mbili na kuacha mabaya. Ingekuwa hivyo hata kwa wanadamu tungefurahi! Ukweli ni kwamba watoto wa tumbo moja hutofautiana: mmoja huchukua manyoya ya baba, wa pili ukali wa mama, wa tatu ugonjwa wa babu.

Kisa kinachojulikana duniani ni cha Australia. Mwishoni mwa miaka ya 1980 mtu mmoja aitwaye Wally Conron, mfugaji wa mbwa wa kuongoza vipofu, alipata ombi la mwanamke asiyeona wa Hawaii ambaye mume wake alidhurika na manyoya ya mbwa. Conron akachanganya Labrador na Poodle, mbwa ambaye manyoya yake hayapukutiki kwa wingi. Wakazaliwa watoto watatu. Manyoya na mate yao yakapelekwa Hawaii yakapimwe, na katika watatu hao ni mmoja tu ambaye hakumdhuru yule bwana. Hata hivyo habari ilienea, machotara wa kila namna wakazalishwa kwa ajili ya soko, wakubwa kwa wadogo, na miaka ya baadaye Conron mwenyewe alisema hadharani kwamba anajutia mlango aliouufungua. Watafiti wa Detroit, Marekani, walipopima vumbi la majumbani na kuchapisha matokeo mwaka 2011, hawakuona kwamba nyumba za mbwa wanaosifiwa kuwa hawadhuru zina nafuu kuliko nyumba nyingine. Kwa hiyo mwenye mtoto wa pumu asidanganywe na muuzaji. Amchukue mtoto akakae na mbwa huyo saa kadhaa, zaidi ya siku moja, ndipo atoe fedha.

Liko pia joto. Pwani yetu ina joto la unyevu, na manyoya mazito yaliyotokana na nchi za baridi ni mzigo juu ya mnyama. Jambo hili lina historia hapa hapa kwetu. Tarehe 17 Novemba 1874 Henry Morton Stanley aliondoka Bagamoyo kwenda bara akiwa na mbwa watano aliowaleta kutoka Uingereza. Mmoja wao, jibwa kubwa lililoitwa Castor, lilikufa kwa joto hata kabla ya kufika Mto Kingani, yaani Ruvu ya chini, mwendo ambao mchuuzi wa samaki wa leo huumaliza kwa baiskeli asubuhi moja. Castor alikuwa mkubwa, na wadogo hustahimili kidogo zaidi, lakini chotara mwenye pua fupi hutaabika vilevile, kwa sababu mbwa hatoki jasho mwilini kama sisi. Hujipoza kwa kuhema. Huyu anahitaji kivuli, maji safi wakati wote, na kunyolewa manyoya kila baada ya wiki chache. Asiponyolewa, manyoya husokotana, ngozi huoza chini yake, na kupe hujificha humo asionekane.

Kupe ni adui mkubwa kuliko mwizi. Mbwa wetu wa kienyeji wamezaliwa kati ya kupe, na walio dhaifu walikwisha kufa zamani. Mgeni aliyelelewa ndani ya nyumba ya jijini hana kinga hiyo. Homa za kupe humwangusha kwa siku chache, ufizi ukageuka mweupe na mkojo mwekundu. Kwa wakaao upande wa Saadani na bonde la Wami kuna mbung'o pia, ambaye huwapa mbwa ugonjwa uleule wa ng'ombe unaoitwa nagana, na dalili yake mojawapo ni macho kuingia ukungu. Mahali kama hapo sisi tungemshauri mtu waziwazi aachane na wazo hili.

Chakula chake ni kidogo, hilo ni kweli. Lakini si makombo. Makombo ya mchuzi wetu yana vitunguu, na vitunguu huharibu damu ya mbwa, vibichi na vilivyopikwa. Mifupa ya kuku iliyopikwa hupasuka kama vijiti na kumtoboa tumbo. Atapikiwa ugali au wali na dagaa wasio na chumvi nyingi, au atanunuliwa chakula cha dukani ambacho kwa mfanyakazi wa mshahara wa kawaida ni ghali. Jumlisha humo dawa ya minyoo, dawa ya kupe, chanjo, kinyozi, na nauli ya kumfikisha kwa daktari wa mifugo ambaye huenda yuko kilometa nyingi. Bei ya kumnunua ndiyo ndogo kuliko zote. Na mbwa wadogo huishi sana, miaka 12 hata 15 akitunzwa vizuri. Mtoto anayeandikishwa darasa la kwanza leo atamaliza kidato cha nne, na mbwa bado atakuwapo akingoja chakula. Tunawaona wale waliotupwa, wakizunguka majalala na masoko na ukosi ungali shingoni. Tangu mwaka 2008 nchi yetu ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama, na kumtelekeza mnyama uliyemfuga hakuendani nayo hata kidogo.

Na ulinzi? Hapa tumsifu anapostahili. Chotara mdogo ana masikio makali na hubweka haraka. Mwenye nyumba huamka. Mwizi mwenye rungu hatamwogopa, ila wezi wengi hawapendi kelele. Mwenye duka la Ubena anayetaka mbwa wa kulala nje barazani achukue mtoto wa mbwa wa kienyeji, amchanje, amlishe vizuri. Atapata mlinzi mwenye nguvu, asiyeugua ovyo, na hatalipa fedha za mkoba wa ngozi. Tunashangazwa na kasumba iliyobaki vichwani mwetu kwamba kilichotoka kwetu ni cha kudharauliwa hadi kiwe mbwa.

Tumefika sasa kwenye jambo lililotufanya tushike kalamu, nalo ni kichaa cha mbwa.

Wako wanaodhani kwamba ugonjwa huu ni wa mbwa koko, na kwamba kijibwa cha ndani chenye shampuu hakihusiki. Virusi havichagui manyoya. Huingia kwa mate ya mnyama mgonjwa yanapopata jeraha, hata mkwaruzo mdogo, kisha husafiri taratibu ndani ya mishipa ya fahamu hadi ubongoni. Safari hiyo huchukua kwa kawaida miezi miwili au mitatu, na mara nyingine mwaka, muda ambao mtu hucheza, hula na kwenda shule bila maumivu yoyote. Dalili zikisha kutokea, za kuogopa maji na upepo, za kuweweseka na kukakamaa, karibu hakuna anayepona, awe Bagamoyo au London. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba watu wapatao 59,000 hufa kwa ugonjwa huu kila mwaka duniani, karibu wote kwa kuumwa na mbwa, na kati ya kila watu 10 wanaokufa 4 ni watoto wasiotimiza miaka 15. Mtoto huumwa mara nyingi kichwani na usoni, kwa sababu ya kimo chake, na njia ya kufika ubongoni huwa fupi. Mara nyingine huumwa na mbwa anayemjua, akaogopa kusema asije akachapwa kwa kumchokoza.

Hata hivyo ni ugonjwa unaozuilika kabisa. Tarehe 6 Julai 1885 Louis Pasteur wa Ufaransa alianza kumdunga chanjo mtoto wa miaka 9, Joseph Meister, aliyeumwa na mbwa mwenye kichaa, na mtoto akaishi hadi utu uzima. Leo mtu aliyeumwa hutakiwa aoshe jeraha mara moja kwa sabuni na maji yanayomiminika, dakika 15 kamili, kisha aende kituo cha afya siku ileile apate chanjo, na aimalize siku zote atakazopangiwa. Kupaka pilipili, mafuta ya taa au manyoya ya mbwa aliyeuma ni kupoteza muda ambao mtoto hana. Tatizo ni kwamba sindano hizo ni za gharama na haziko katika kila zahanati. Mzazi wa kijijini huweza kuzunguka vituo viwili vitatu akitafuta dawa huku nauli ikimwishia. Ndiyo sababu njia nafuu kwa taifa ni kumchanja mbwa. Wataalamu wanatuambia kwamba wakichanjwa mbwa 7 kati ya kila 10 katika eneo, mwaka hadi mwaka, ugonjwa hukatika.

Ndugu zetu wa Pemba hawahitaji kusimuliwa haya. Kuanzia mwaka 2010 kisiwa hicho kilifanya kampeni za kuwachanja mbwa, na kufikia mwaka 2014 kichaa kilikuwa kimetoweka. Kisha mwaka 2016 kikaingia tena, na uchunguzi wa chembe za urithi za virusi ulionyesha kwamba kiliingizwa upya kutoka nje ya kisiwa. Zikahitajika kampeni nyingine hadi kilipokomeshwa mara ya pili mwaka 2018. Kazi ya miaka ilivunjwa na mnyama aliyepakiwa chomboni bila mtu kuuliza cheti chake.

Kwa hiyo jibu letu kwa wanaotaka kumvusha kijibwa baharini ni hili: asivushwe kwa siri. Mambo ya mifugo hayamo katika orodha ya mambo ya Muungano. Zanzibar ina sheria yake na mamlaka yake, na mwenye mbwa anatakiwa kupata kibali cha upande wa pili kabla ya safari, pamoja na cheti cha afya na cha chanjo kutoka kwa daktari wa mifugo wa serikali upande huu. Tunajua kwamba pwani yetu ina bandari bubu nyingi, na kwamba jahazi liondokalo alfajiri haliulizwi mengi. Tunajua pia kwamba kijibwa cha kilo 4 hufichika katika kapu chini ya maembe. Nahodha anayekubali mzigo huo kwa fedha ya chai anahatarisha watoto wa kisiwa kizima, na wasasi wa Unguja na Pemba, ambao mbwa wao hukutana na mbwa wa kila kijiji wanapowinda nguruwe mwitu, ndio watakaokuwa wa kwanza kulipa.

Kwa viongozi na maofisa tuna neno pia. Siku ya kichaa cha mbwa duniani huadhimishwa kila tarehe 28 Septemba, na hotuba zake ni nzuri. Lakini mbwa hachanjwi kwa hotuba. Mwananchi anayeambiwa ampeleke mbwa wake wilayani, mwendo wa saa nzima kwa gari, hatampeleka, na aliye na mbwa watano wa shambani atawapelekaje? Chanjo ifuate vijiji, siku itangazwe msikitini, kanisani na shuleni mapema, na watoto waambiwe wawalete mbwa kwa kamba, maana mara nyingi mtoto ndiye mbwa anayemtii. Nchi hii iliwahi kuyaweza makubwa kuliko hayo. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wapatao milioni 2 kando ya redio, wakajifunza kuchimba vyoo na kujikinga na malaria. Kuwaandikisha mbwa wa kata moja katika daftari la mtendaji hakushindi hayo. Wala daftari lisiwe la mbwa wa masikini tu. Mageti ya Mapinga na Kerege nayo yagongwe, na aliye ndani aonyeshe cheti kama wengine.

Yule ambaye bado anamtaka, baada ya kuyapima yote haya, hatumkatazi. Katika nyumba yenye ua uliozungushwa, yenye mtu mzima anayeshinda nyumbani, ambamo wakubwa wote wamekubali na hakuna mtoto mchanga wala mwenye pumu, chotara mdogo aweza kuwa mwenzi mwema, hasa kwa mzee ambaye watoto wake wako mbali. Achukue wa umri usiopungua wiki 8. Amwone mama yake kwanza, maana ukali na woga wa mama hujionyesha kwa watoto, na muuzaji anayekataa kumwonyesha mama ana sababu yake. Amtazame macho, ufizi na tumbo. Akifikisha miezi mitatu adungwe chanjo ya kichaa, na irudiwe kila mwaka. Kama hakusudii kuzalisha, ahasiwe. Cheti cha chanjo kiandikwe rangi ya mbwa, tarehe na sahihi ya bwana mifugo, kisha kiwekwe pamoja na kadi za kliniki za watoto, mahali ambapo hata jirani akija usiku akiuliza kitapatikana.